Pampu Nyuma ya Injini

…na huyu aliyeiunda injini hii, ningempata ningemuuliza mafundi walimkosea nini, maana pampu ya maji ameichomeka huku nyuma kabisa, uso umegeukia ukuta wa boti, huifikii mpaka ulale kifudifudi juu ya mashine kama nilivyolala mimi sasa, shavu kwenye chuma, mkono umezama mpaka kwapani, na tochi haisaidii, inamulika kiwiko changu tu, basi nafungua skrubu kwa kupapasa, vidole vina macho, ndivyo alivyonifundisha baba, naye yuko hapo juu yangu, amekaa kwenye benchi la abiria, naziona kandambili zake kupitia tundu la sakafu… "Fundi, koki ya maji umeifunga?"… nimeifunga baba, nimekuambia nimeifunga, na nimekuambia tena, lakini leo siwezi kumnunia, tangu asubuhi ananiita fundi, mimi, ambaye maisha yangu yote ameniita Sindano kwa wembamba wangu, hata siku niliyoishusha injini nzima peke yangu nikairudisha ikawaka, alisema tu haya Sindano, kanawe mikono, na mama, Mungu amrehemu, akamwambia msifu basi mtoto, naye akajibu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na leo kaniita fundi mbele ya watu wote pale gatini, nikainama kutafuta spana ambayo haikupotea, nisionekane uso… skrubu hiyo imetoka, itie mdomoni, ikidondoka kwenye tumbo la boti ndio basi tena, usikohoe… dada anakuja mchana. Dada mkubwa, mwenye nyumba yake mbali na maji, geti, bustani, mbwa mvivu, anasema baba asiguse tena boti, anasahau, alimkuta amebandika sufuria tupu jikoni amekaa anasubiri ichemke, nikamwambia nani hajawahi kusahau sufuria, wewe mwenyewe ulimsahau mwanao saluni, akanuna, ndugu yangu kwa kununa hana mpinzani, mwisho tukakubaliana aje amwone mwenyewe, akimwona hafai aondoke naye leo leo na begi lake, akimwona yuko sawa aniachie baba yangu na asinipigie simu za kulia, na mimi sina wasiwasi, ushahidi wangu ndio huu, juzi tu baba alibadilisha impela mwenyewe, kile kigurudumu cha raba chenye mapanga, kinazunguka humu ndani ya pampu kikivuta maji ya kupoza injini, nilitaka kumsaidia akakataa, akashuka na kiuno chake kibovu, akapanda amejaa grisi mpaka kwenye nyusi, nikampigia dada hapo hapo, mtu aliyepotea akili anaweza kazi hii? nikajisikia mshindi… na jana safari ya kwanza tu injini ikachemka, hatujafika popote, moshi, abiria wameshikana mikono wanasali, na mimi nikamlaani muuza spea, raba feki ile, imekatika mapanga siku ya kwanza, ningemla nyama, hata kabla ya kung'oa nanga sikuchungulia kama maji ya kupoza yanatoka ubavuni mwa boti, nani amkague baba…

…hii nayo, na hii, zimekazwa vizuri, zote kwa nguvu moja, hazijaliwa meno wala kuteleza, mkono wa baba huu, ningeujua hata gizani, na ndiyo giza lenyewe… "Koki umeifunga, fundi?"… ndiyo baba… mfuniko unaachia, gasketi imepakwa grisi nyembamba, safi, anavyotaka mwenyewe, sasa nitafute vipande vya mapanga, nivipate vyote, kikibaki kimoja kitaenda kuziba bomba mbele huko, haya kidole, ingia… ingia tena… hakuna raba. Mhimili huu hapa, mtupu, ukuta wa pampu laini pande zote, hata chembe, hata ule utelezi wa sabuni tunaopaka ili impela iingie, nazungusha kidole, nazungusha, labda imesogea, itasogea iende wapi, vidole vina macho na hiki ninachokiona ni shimo. Haikukatika. Haikuwekwa. Aliitoa ya zamani, akapaka gasketi grisi, akarudisha mfuniko, akakaza skrubu zote kwa kupishana, bila haraka, kwa ustadi wake wote, juu ya pampu tupu, akapanda juu akafuta nyusi, na mimi nikampigia dada simu… ile sufuria, dada, ile sufuria…

Anazungumza na mtu hapo juu, au peke yake, nasikia neno moja moja, jua, abiria, leo upepo, kandambili moja inagonga gonga sakafu, na mimi nimelala na skrubu mdomoni siwezi kulia sawasawa, machozi yanapita puani yanadondokea kwenye chuma, impela mpya iko kifuani ndani ya blauzi imepata joto langu, ningeiweka hii sasa hivi, nikafunga, nikanyamaza, dada akija nikamwambia raba feki, nani angejua, mimi na pampu tu, halafu siku nyingine akasahau koki yenyewe, maji yakaingia, nipo au sipo, na watu wamo botini, na yeye yumo… "Samahani fundi," anasema, na kandambili zimesogea, ameinama, sauti yake ni ile ya taratibu, ya adabu, ile anayomwekea mchomeleaji akija kuziba bodi, ile ya mtu asiyemjua vizuri, na ndipo naielewa asubuhi nzima, kila mara aliponiita fundi na nilivyoipokea, nikaificha moyoni kama mtoto aliyepewa pipi, kumbe haikuwa sifa, baba, ilikuwa hunijui… "Pole na kazi. Hapo pabaya hapo, mkono hauingii. Ninaye binti yangu, mwembamba, hapo ndipo mahali pake, huyo ni fundi hasa, usimwambie tu kama nimesema. Nimwite aje akusaidie?"

…skrubu natema kiganjani, zina ladha ya damu au ya kutu, mkono mwingine bado uko nyuma ya injini, kidole bado kimo ndani ya pampu, na nasema, kwa sauti ninayoweza, "Mwite, mzee." Anainuka, kandambili zinageuka kuelekea gatini, anavuta pumzi kama zamani alipokuwa akiniita kutoka upande wa pili wa maji, na dada akija nitamwambia mimi mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba aondoke na baba na begi lake, lakini hiyo ni mchana, sasa hivi anaita, "Sindano! Sindano, njoo umsaidie fundi," na mimi huku chini, shavu kwenye chuma, naitika.

"Abee, baba."