Zipu ya Koti la Chiriku

...na zipu yenyewe ni zipu ya koti la mtoto tu, meno ya plastiki, kichwa chekundu, kitu ambacho yeye, fundi cherehani mwenye miaka kumi na moja kazini, hukibadilisha huku anapiga soga na mteja wala hatazami, leo kimegoma, kimekwama hapo juu karibu na shingo, hakipandi hakishuki, na kule kilimani mume wake ameshakaa kwenye kibao cha kutelezea, pacha wa rafiki zao wamempanda mgongoni, anapaza sauti, "Mama Chiriku, mnashona koti jipya huko?" na Baba Pacha anaangua kicheko, wacheke tu, wana haki yao, wiki tatu wameipanga siku hii, familia mbili gari moja, theluji imeshuka usiku kucha kana kwamba iliagizwa, na yeye kapiga magoti humo humo kwenye theluji mbele ya binti yake, glavu kazitia mfukoni, au kaziacha garini, hata hajui, "Tulia, mama, tulia, usitikisike," anamwambia Chiriku, miaka minne, mdomo usiojua kufungwa, ndiyo maana wakampa jina hilo, na Chiriku anatulia. Ni bitana tu, kitambaa cha ndani, imeingia kwenye meno, na bitana ikiingia huvuti kwa pupa, unarudisha nyuma kidogo, unasikilizia kwa kidole gumba, macho hayana kazi hapo, hivyo ndivyo anavyowafundisha wanaojifunza kwake, sikiliza kwa kidole, basi anasikiliza, na kidole hakisemi kitu... baridi hii, jamani, nani leo ana vidole? Si asubuhi tu waliposhuka garini Mama Pacha, muuguzi mzima, alijipuliza mikono akasema, "Mwenzangu, vidole vyangu vimekufa ganzi," Baba Pacha akasema vyake pia, mume wake akasema yeye ganzi mpaka masikio, naye akadakia, "Hata mimi, hata mimi!" akacheka kuwashinda wote, machozi nusura yamtoke kwa furaha, furaha ya nini sasa, ya kuwa kama watu, ya kulisema neno hilo hadharani na asigeuke mtu kumtazama, na akisema kweli ndiyo sababu yeye ndiye aliyeing'ang'ania safari hii, twendeni, tutoke, watoto waione theluji, watoto wenyewe theluji wanaiona dirishani kila siku... Rudisha kidogo. Vuta. "Bado?" anauliza Mama Pacha nyuma yake, anamimina chai. Bado kidogo. Kwani baridi ilianza lini, mwezi uliopita, basi na ganzi tuseme mwezi uliopita, inakubali, inakubali kabisa, ila ile siku ya pasi... ile siku ya pasi madirisha yote ya karakana yalikuwa wazi, feni inazunguka, fundi mkuu anajipepea kwa karatasi ya kukatia, na yeye akanusa harufu, akageuka kuuliza nani huyo anaunguza kitambaa, lahaula, kumbe ni kidole chake mwenyewe kimekaa kwenye pasi, kimejilaza, akakitoa taratibu, hakupiga kelele, kelele ya nini na hakuna maumivu, akakificha ndani ya subana, kile kikofia cha kidole cha kushonea, siku nne. Bahati mbaya ile, mtu yeyote huungua. Na mashine? Mashine ilikuwa mbovu, mshono unakwenda upande, yeye mwenyewe alilalamika, mashine hii imechoka, akaja mtengenezaji, akaifungua, akaifunga, akasema haina neno, akaitwa tena, haina neno, na fundi mkuu akamtazama yeye, si mashine, akasema, "Mara ya tatu akija atakutengeneza wewe," karakana nzima ikacheka, naye akacheka, na kesho yake gauni la bibi harusi likahamia meza ya mwenzake bila mtu kusema lolote. Anaogopa, basi, anaogopa, mikono hii ikimtupa atashika nini, wiki nzima hii nywele za Chiriku hajazisuka, kazifunga kishungi kimoja, akaambia watu ni mtindo... "Shika chai upashe mikono," anasema Mama Pacha, sauti imekaribia, aka, chai tena, ile ya kwanza si alikipokea kikombe cha bati mikono mitupu, chai inafuka moshi, akakikumbatia kwa viganja vyote viwili, na Mama Pacha akamtazama, akatazama kikombe, hawa watu wa hospitali bwana, wanakutazama kwanza, wanaweka, watakuuliza siku hujajiandaa, lakini ataulizwa nini na leo kila mtu ganzi, leo ni siku yake, vuta, kitu kimelegea, au hakikulegea, atajuaje, anavuta tena, kwa nguvu sasa, na hapo ndipo anaposikia, si kwa kidole, kwa masikio, anasikia kimya. Chiriku hajasema neno. Chiriku anayeongea na mswaki, anayeongea usingizini, hajasema neno tangu... anainua macho, kidevu cha mtoto kimeelekea juu, midomo imebanwa, machozi yanatiririka yanaingia kwenye skafu, na pale kwenye meno ya zipu si bitana, ni ngozi, ngozi laini ya chini ya kidevu, imeiva nyekundu, na anayeivuta ni yeye, kwa vidole vyake hivi, tangu saa ngapi, Mungu wangu, tangu saa ngapi.

"Mbona hukuniambia, mama? Mbona hukupiga kelele?"

"Umesema nitulie."

Anaiachia zipu. Anaiinua mikono yote miwili juu, mbali na mtoto, na inabaki hapo hewani, hajui aiweke wapi. "Shoga," anasema, "njoo umtoe wewe, mimi sishiki tena," na Mama Pacha ameshapiga magoti, chai imemwagika kwenye theluji, na kule kilimani mume wake, kibao hakijasogea hata hatua moja, anaita, "Bado tu? Vaa glavu, baridi hiyo!"

"Si baridi," anajibu, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka kicheko cha Baba Pacha kinakatika. "Ganzi hii ilianza wakati wa joto."