Upande wa Kulia

Idd hakuwa kipofu, na ungethubutu kumwambia hivyo kibandani pake Migosi, angekurushia spana. Alikuwa tu ameacha kuona mistari. Sura za watu aliziona, japo kwa ukungu, na kuku wa jirani akitia mdomo kwenye kopo la misumari alimwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini ile mistari midogo ya venia, kipimo cha chuma chenye taya mbili ambacho fundi wa baiskeli hupimia habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imemtoroka mmoja mmoja mpaka ikaisha. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, alisema, dawa ni ya kulinda kilichobaki.

Basi aliyesoma alikuwa mkewe, Saumu, ingawa hakuna aliyewahi kutamka kwamba anasoma. Idd angeibana habu kwa venia, halafu aseme, "Mama Amir, nishikie hiki nijifute jasho." Saumu angekishika, achungulie, anong'one kana kwamba anaongea na kikombe chake cha chai: "Hamsini na nane." Mteja aliyesimama pale hakuona kitu ila mke anayempenda mumewe kupita kiasi, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka mitatu walikuwa wamekwenda hivyo, na magurudumu yalitoka pale yamenyooka kama yalivyotoka siku zote.

Hesabu zenyewe zilibaki za Idd. Ukimpa ukubwa wa rimu, upana wa vile visahani viwili vya habu ambamo spoku hutundikwa, na umbali wa kila kisahani hadi katikati, alifumba macho, midomo ikamcheza, kisha akakutajia urefu wa spoku za kila upande. Spoku ikizidi hutoboa tyubu, ikipungua haishiki nati yake, kwa hiyo milimita kwake haikuwa kitu cha mzaha. Pande zenyewe alikuwa amezipa majina: mmoja aliuita upande wa kulia, wa pili aliuita bubu. Saumu alidhani ni utani. Kushoto ni bubu, alijiambia, kwa sababu mkono wa kushoto hausalimii mtu. Hakuuliza. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na moja ana mengi ya kumuuliza mumewe kabla hajafika hapo.

Ila kuna neno moja ambalo Idd alilisema mara moja tu, na Saumu hakulisahau. Walikuwa wanakula. "Siku gurudumu litakaponikataa mbele ya mteja," alisema, "ndiyo siku ya mwisho ya mimi kushika spoku. Sitaki kuhurumiwa." Alilisema bila hasira, akimega ugali, na hicho ndicho kilichomtisha Saumu. Alikuwa ameona mfano. Shemeji yake Ridhwan aliacha kazi mwezi wa kwanza, na kufikia wa kumi na mbili alikuwa haongei na mtu ila redio. Saumu hakutaka kuishi na Idd wa namna hiyo. Alimtaka huyuhuyu, mbishi, mwenye grisi kwenye kucha.

Ndipo akapiga simu Dorca wa Usenge. Dorca alinunua omena pale ufukweni na kuziuza, na miguu yake ilikuwa haimbebi tangu utotoni. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungushwa kwa mkono, mnyororo ukishuka kutoka kifuani pake hadi gurudumu la mbele. Gurudumu hilo sasa lilikuwa limepoteza spoku kumi, na rimu imepinda.

"Mzee, hii kitu inanitesa," alisema. "Lakini siwezi leta Kisumu. Nikikaa bila hii siku mbili, omena yote inachukuliwa na wengine."

Wakapanga hivi. Rimu mpya Idd anayo. Kinachokosekana ni vipimo vya habu, na habu inaweza kupimwa hapohapo kwenye baiskeli. Saumu angekwenda Usenge apime, spoku zikatwe Migosi, na Jumamosi waende wote wawili wafunge gurudumu asubuhi moja. Kwa nini Saumu na si fundi mwenyewe? "Mgongo," Idd alimwambia Dorca, na mgongo wake, uliokuwa mzima kabisa, haukupewa nafasi ya kujitetea.

Saumu alifika Usenge Jumanne, akajikuta peke yake na venia kwa mara ya kwanza. Alisimama nyuma ya kiti cha Dorca, akatazama mbele kama anavyotazama anayeendesha, simu ameibana kwa bega. Upande wa pili wa simu Idd alikuwa anapumua kama mwalimu wa mtihani.

"Anza na upande wa kulia," alisema.

"Kulia?"

"Kulia. Bubu baadaye."

Saumu akainama, akapima kulia, akaandika. Akapima kushoto, akaandika. Alisoma kila namba mara mbili, maana aliogopa. Jioni, nyumbani, alimsomea mumewe zote kutoka daftarini. Idd alifumba macho, midomo ikacheza, kisha ikasimama.

"Upande wa kulia umetoka mrefu kuliko bubu," alisema. "Kwa milimita tatu. Una hakika hukuzigeuza?"

"Nina hakika. Kulia ni kulia, Baba Amir."

Zamani Idd angegonga meza. Angesema haiwezekani, rudi ukapime. Safari hii alisugua kidole gumba kwenye meza, halafu akasema, "Haya. Pengine hizo za mikono zina mambo yake." Saumu akaweka kizuizi kwenye rula penye urefu uliotajwa, Idd akakata. Zile ndefu kumi na nane, za kulia, Saumu alizifunga kwa uzi mwekundu.

Jumamosi walitandika gunia mchangani, kando ya nyavu zilizoanikwa omena. Idd alikaa chini, habu mapajani. Huo ndio wakati Saumu alipenda kumtazama kuliko wakati wowote. Vidole vyake havikuhitaji macho: spoku iliingia tundu, ikapita juu ya mwenzake, ikapita chini, ikakutana na nati yake kama watu walioahidiana. Akina mama waliokuwa wakigeuza omena walisogea karibu. Dorca, kwenye kiti cha plastiki, aliwapa maelezo ambayo hayakuwa ya kweli hata moja.

Kisha Idd akaanza kukaza, na gurudumu likakataa.

Alikaza upande mmoja, nati zikafika mwisho na spoku bado zimelegea. Aligusa ndani ya rimu, na ncha za spoku zikamchoma kidole. Zilikuwa zimechomoza kama miiba. Upande wa pili, nati zilikuwa zimeshika mizunguko miwili tu, nyingine zikateleza. Alirudia na kurudia. Jasho lilimtoka, na safari hii hakumwomba mtu amshikie kitu. Mwisho aliuweka ufunguo wa kukazia spoku juu ya gunia, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Mama Amir," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie mama huyu atafute fundi mwingine. Nimekata vibaya. Nimekwisha."

Saumu alijua kwamba neno hilo, Idd akilisema mara ya pili, halitarudi. Akachukua daftari, akachukua venia, akapiga magoti na kupima upya pale pale mapajani pa mumewe. Hamsini na nane. Arobaini na tano. Namba zilikuwa zilezile. Hakukosea kusoma, na Idd hakukosea kukata. Sasa kosa lilitoka wapi?

"Dorca," aliuliza, kwa sababu hakuwa na la kuuliza, "hii baiskeli ilitengenezwa wapi?"

"Bondo. Absalom, yule wa welding. Ilikuja na cheni huku," Dorca alionyesha kulia, "na mimi nikamwambia hapana, mimi nakula na kushoto, naandika na kushoto. Kulia yangu iko kushoto! Akageuza kila kitu, hata gia akachomelea."

Akina mama wakacheka. Saumu hakucheka. Alikuwa anaitazama habu.

"Baba Amir. Upande wa kulia ni upi?"

"Maswali gani haya?"

"Nionyeshe."

Idd akaushika ule wenye gia na kuuzungusha kwa kidole. Gia ikalia: tik-tik-tik-tik. "Si unausikia? Huu unalia. Yule mwingine ni bubu. Miaka mitatu unashika habu, hujui?"

Mungu wangu. Miaka mitatu mume alikuwa akisema upande wa kulia machozi, na mke akisikia upande wa mkono wa kulia, na kwa kuwa kila baiskeli iliyofika Migosi ililia upande wa mkono wa kulia, wote wawili walikuwa sahihi kila siku. Ilibidi apatikane mama mmoja wa Usenge anayekula kwa kushoto ndipo wagundue kwamba hawajawahi kuelewana.

Saumu alitaka kucheka na kulia, na hakuwa na nafasi ya chochote. "Ni mimi," alisema. "Nimepima mkono wa kulia. Hapa gia iko kushoto. Spoku zimebadilishana pande, basi. Hukukata vibaya."

"Unanifunika," alisema Idd. "Unanifunika kama kawaida yako. Ni haya macho."

Hapo Saumu alikasirika, hasira ya mtu anayependa na kuchoka kwa wakati mmoja, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Macho yako yamekosea wapi? Hayajasoma kitu! Ni mimi ninayesoma. Miaka mitatu ninasoma mimi!"

Ufukwe wote ulisikia. Hata kama haukusikia, Saumu aliona umesikia. Uso wa Idd ulijifunga. Saumu alikuwa amemvua nguo mbele ya watu, na hakujua kama atamsamehe.

"Kwani ni siri?" Dorca aliuliza, akishangaa kwa dhati. "Mzee, mimi nimekaa hii baiskeli miaka kumi, na sijawahi ficha mtu ati sitembei."

Mama mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Idd aligeuza uso kuelekea sauti ya Dorca. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kisahani cha habu, polepole, kikipita tundu baada ya tundu.

"Nilijua," alisema hatimaye, akimwambia mkewe, si watu. "Tangu Jumanne. Upande unaolia huwa mfupi, hata mtoto wa fundi anajua. Nilijua namba zimegeuka, kisha nikajitilia shaka mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Asiyeona atabishana vipi na anayeona?"

Saumu alimfikiria mwanamume huyu mbishi akitunga spoku kumi na nane upande aliojua si wake, moja baada ya nyingine, kwa sababu ya adabu ya aina hiyo, na moyo ukamuuma. Alimfuta mchanga kwenye goti, ingawa hapakuwa na mchanga mwingi. "Bishana nami," alisema. "Umeniona lini nikivunjika kwa kubishana?"

Idd akapapasa gunia, akaupata ufunguo. "Fungua zote," alisema. "Nyekundu kwa bubu."

Walifungua pamoja, wakatunga pamoja, na kila alipofika tundu la wasiwasi Idd aliuliza kwa sauti ya kawaida, na Saumu akajibu kwa sauti ya kawaida. Adhuhuri ilipoingia, gurudumu lilizunguka katikati ya uma wake bila kugusa popote. Dorca alipanda, akazungusha kwa kushoto, akaenda hadi kwenye mashua na kurudi. "Ero kamano!" alipiga kelele akiwa bado mbali, yaani asante, na akina mama wakaipokea.

Kelele hizo zilimleta mvuvi mmoja, Owiti, akisukuma baiskeli yenye gurudumu la nyuma lililolegea kama jino la mtoto.

"Mzee, wewe ndiye fundi? Angalia hii habu uniambie, inataka spoku za saizi gani?"

Idd aliipapasa habu, akaibana kwa venia. Saumu, kwa mazoea, alijisogeza karibu kungoja habari ya jasho. Haikuja.

"Mimi sioni mistari," Idd alimwambia Owiti, waziwazi, mbele ya wote. "Mke wangu ndiye anasoma. Msomee, Mama Amir."

Saumu akaipokea venia, akainama. Ilimbidi apanguse macho kabla ya kusema namba, kwa maana hata kwake mistari ilikuwa haionekani.