Sifuri ya Kila Asubuhi

Mtaani walimwita Waya kwa sababu mbili: kazi yake ilikuwa nyaya, na mwili wake haukuhitaji maelezo zaidi. Akisimama kiubavu, ungedhani ameshaondoka.

Ukuta wa chumba cha kushonea cha dada yake ulipopata ufa, baada ya jirani kuchimba msingi wa ghorofa, kila mtu alikuja na ushauri. Mwenye nyumba alishauri rangi. Waya alishauri kipimo.

Alikiunda kwa siku tatu. Uzi wa waya, mwembamba kuliko unywele, ulivuka ufa na kugundishwa huku na huku. Ufa ukipanuka, uzi unavutika, na umeme unapita kwa taabu zaidi. Taabu yenyewe ni ndogo kama haya ya mlevi, kwa hiyo akalehemu vikinzani vinne, vile vipande vya kuuzuia umeme, vya kuilinganisha, na chipu ya kuikuza mara elfu, hadi ikawa namba kwenye kioo kidogo. Aliunda viwili pacha. Cha pili alikibandika kwenye tofali zima karakanani kwake, cha majaribio, kisha akakisahau chini ya rundo la redio mbovu.

"Ikifika arobaini," alimwambia dada yake, "acha hata mkasi. Toka."

"Na ikifika hamsini?"

"Utakuwa unaniuliza kutoka chini ya matofali."

"Mdogo wangu, hiyo redio ya mdomoni mwako haina swichi ya kuzima?"

Kila asubuhi Waya alipita kukiangalia. Kioo kilionyesha nne, siku nyingine tano, siku nyingine tatu. Aliiandika namba kwenye daftari, akatoa bisibisi, akazungusha skrubu ndogo hadi ikasoma sifuri. Ndivyo alivyofunzwa. Fundi aliyemlea alikuwa akisema kipimo ni kama mtoto, hakianzi siku bila kunawishwa uso, maana joto huzipotosha namba kidogo kidogo. Basi Waya alikinawisha, akaenda zake. Dada yake na mafundi wake wawili, wasichana wenye vicheko vya karibu, waliiona sifuri wakashona kwa amani.

Siku ya kumi na tatu, mchana, akitafuta spika kwenye lile rundo, alilikuta lile tofali lenye kipimo cha pili. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Sifuri. Siku zote hizo hakuna aliyekigusa, tena chini ya bati linalochemka, na hakijasogea hata moja.

Kwanza alijisifu. Halafu akaliweka tofali chini. Kama hiki joto halikukipotosha, basi na pacha wake vilevile. Kilichokuwa kikitembea ni ukuta.

Alifungua daftari, akajumlisha kwa kidole. Hamsini na tatu.

Alikimbia hadi akaingia chumbani kwa dada yake bila pumzi. "Tokeni! Tokeni nje!"

Dada yake alitazama kioo. "Mbona kinasoma moja?"

"Nimekifuta mimi, dada. Kila siku nilikuwa nakifuta." Akachomoa bisibisi, akazungusha skrubu hadi namba ikapanda, thelathini, arobaini, hamsini na tatu, kisha ile moja ya leo juu yake. "Hii ndiyo kweli yenyewe."

Wasichana waliangua kicheko. Dada yake naye akacheka, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani. "Kumbe namba unazitia mwenyewe! Asubuhi sifuri, sasa hamsini. Jioni utaniuzia mia?"

"Dada, nakuomba."

"Haya, wanangu, tokeni mkapunge upepo, huyu asije akatulilia kwenye vitambaa vya watu. Mimi namalizia kola hii."

Waya alimshika mkono. Dada akamchapa kiganja, kama enzi zile Waya akidokoa jikoni. "Mishono mitatu, Waya. Watoe hao kwanza."

Akawatoa, mmoja kila mkono. Alikuwa anageuka mlangoni kumrudia dada.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama gunia linalotuliwa chini na mtu aliyechoka. Kisha vumbi.

Walimtoa dada chini ya matofali saa kumi jioni. Uso wake haukuwa na jeraha hata moja.

Msibani mwenye nyumba naye alikuja, akakaa karibu na mlango. "Vifaa hivi vya kujiundia," alisema kwa upole, "vinaharibika bila taarifa."

Mjomba wao akalidaka neno lile kwa mikono miwili. "Umesikia, mpwa wangu? Kifaa kiliharibika. Usijitese."

Mama yao, aliyekuwa amemwekea Waya mkono begani tangu jana yake, aliinua uso. "Ni kweli, mwanangu? Kiliharibika?"

Chumba kizima kilimngoja aseme ndiyo. Hata mwenye nyumba alimngoja, pengine kuliko wote.

"Hapana, mama," alisema Waya. "Kilikuwa kizima. Kila asubuhi kiliniambia, nami nikafuta."

Mama hakujua vikinzani wala chipu. Aliutoa mkono begani mwake, polepole, akaurudisha mapajani.