Waya wa Mita Ishirini

Nina mtumishi nyumbani. Huamka kabla ya bwana wake, akakagua nyumba, akamwamsha bwana, akamkabidhi funguo zote, kisha hana kazi tena mpaka siku nyingine. Ni nani huyo? Usijibu upesi. Lishike jibu lako mdomoni, na jirani yako usimnong'oneze.

Limi alilijua jibu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemlea mtumishi huyo. Alikuwa fundi wa umeme wa malori pale Isaka, lakini Jumamosi hiyo alikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, nje ya kamba.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, imezungushwa hatua nyingi kutoka mdomo wa duara, yaani shimo wanaloshukia wachimbaji. Wanawake hawaivuki. Watapika, watagonga mawe, watauza chapati na vocha, lakini nje ya kamba. Ndani, wanasema, dhahabu ikinusa kanga inahama. Mwezi uliopita, Limi alipoitwa kufunga mashine ya hewa, alimuuliza mwenye duara, Mzee Maduhu, swali moja tu: "Siku ikigoma, mzee, mimi nitaifikiaje?" Mzee aliitazama kamba, akakohoa, akaenda kuangalia magogo yake ya kuzuia kuta za shimo. Basi Limi akanunua waya wa mita ishirini. Binamu yake Amosi, mchimbaji, akauchomeka upande mmoja kwenye mashine, upande wa pili ukaja kuishia kwenye ndoo hii.

Mashine ilikuwa kibao kidogo ndani ya kasha, mdomoni mwa duara. Kazi yake kunusa hewa ya chini. Hewa ikichafuka, inatakiwa iwashe feni na king'ora ndani ya sekunde moja, si mbili. Kwa hiyo iliwekewa mfumo usiojua kungojesha mtu, na moyo wa mfumo huo mafundi huuita keneli. Lakini keneli haiamki yenyewe. Umeme ukiingia, kwanza huamka programu ndogo iitwayo butiloda. Inakagua kumbukumbu, inahesabu tatu huku ikisikiliza kama kuna fundi anayetaka kusema nayo. Ikisikia kimya, inaipakia keneli, inaiachia nyumba, na taa nyekundu inageuka kijani. Haya, sasa litoe jibu lako. Ndiye huyo mtumishi.

Shida ni kwamba taa iligeuka kijani Limi akiwapo tu. Akichomeka kompyuta kisha umeme ukawashwa, kijani. Akichomoa akaenda zake Isaka, kesho yake umeme ukiwashwa, nyekundu, na nyekundu inabaki. Hii ilikuwa safari yake ya tatu.

"Inakupenda hiyo," Amosi alimwambia kwa sauti kutoka ndani ya kamba. "Ingekuwa na miguu ingeleta ng'ombe kwenu."

"Ilete hata mbuzi, nauli zimenichosha. Nimechomoa. Zima. Hesabu kumi. Washa."

"Nyekundu."

Wachimbaji wenzake watano walikuwa wamekaa juu ya viroba, tochi vichwani, hawajashuka tangu asubuhi. Mwezi wa kwanza, kabla ya mashine, watatu walitolewa chini hawajitambui kwa hewa chafu, na Amosi alikuwa mmoja wao. Alitapika siku mbili.

Mzee Maduhu alikuja akiwa ameshika kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Iko wapi kazi?"

"Bado inanisumbua."

"Adhuhuri nawashusha, iwake isiwake. Feni tutaiwasha kwa mkono kama zamani."

Limi alimtazama Amosi. Kwa mkono kama zamani ndivyo alivyotapika siku mbili.

Safari hii hakuichomeka kompyuta mapema. Alimwambia Amosi azime, awashe, aache nyekundu iwake itakavyo. Ndipo akachomeka, akabonyeza kitufe kimoja tu, kile cha kukubali. Kioo kikajibu kwamba amri iliyoingia haijulikani, na kikamwonyesha amri yenyewe: msururu wa herufi za ovyo, vinukta na alama, kana kwamba mtoto ameikalia kibodi.

Limi hakuwa ameandika chochote. Alivisoma tena vile vidudu. Mtu fulani alikuwa amesema na butiloda kabla yake, nayo kwa adabu ikasimama, kama kijana wa Kisukuma aliyesalimiwa na mkubwa njiani, hawezi kupita mpaka salamu ziishe. Na huyu aliyesalimia hakumaliza.

Akageuka. Hatua thelathini nyuma yake karasha lilikuwa likisaga mawe, mota yake inatetemesha mpaka chai kwenye vikombe.

"Mama Hosiana," alimwita mwanamke aliyekuwa analilisha, "nizimie karasha dakika mbili."

"Dakika mbili za karasha unazilipa wewe?"

"Nakuomba."

Mama Hosiana alizima akinung'unika kuhusu watu wa Isaka. Limi akachomoa kompyuta. "Amosi, zima. Washa."

"Nyekundu," Amosi alisema. Kisha, "Ngoja. Kijani."

Karasha likawashwa tena, nyekundu. Likazimwa, kijani.

Limi alimweleza mzee bila kuzungusha. Waya mrefu usioshikwa na kitu upande mmoja unaokota kelele za mota, na butiloda inadhani ni fundi anaongea. Kompyuta ikiwepo, inaushika waya, kelele hazipiti. Siku ya majaribio, mwezi uliopita, ilikuwa Jumapili, karasha lilikuwa limelala.

"Kwa hiyo?"

"Waya utoke."

"Huwezi kuiambia isisikilize mtu?"

"Naweza. Lakini keneli ikiharibika siku moja, hakuna atakayeweza kusema nayo tena. Itakuwa nyumba niliyoifunga na ufunguo nimeuacha ndani."

Mzee alimpa Amosi ishara ya kukubali, naye akauchomoa waya kwenye kasha, akauviringisha begani. Karasha likinguruma, wakaizima na kuiwasha mashine mara tano. Mara tano kijani. Wachimbaji wakasimama, wakajikung'uta.

Amosi hakujifunga kamba ya winchi ya kushukia.

"Shuka," mzee alisema.

"Nitashuka. Ila ikigoma nikiwa chini, nani anaifikia? Waya ndio huu nimeubeba."

"Utaifikia wewe."

"Mimi nitakuwa chini, mzee."

"Basi Januari."

Januari, mtu wa winchi, aliangalia mikono yake. "Mimi kompyuta naijua ya kubeti tu."

Mmoja wa wachimbaji alicheka, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba mwamba wa dhahabu ukihama wasije wakalaumiana. Amosi aliketi juu ya kiroba, waya ungali begani. Wale watano wakamtazama, kisha mmoja mmoja nao wakaketi.

Limi alifunga kompyuta yake, akaiweka kwenye mkoba. Swali lake alikwishaliuliza mwezi uliopita.

Mzee Maduhu alivaa kofia, akaivua. Alitembea mpaka kwenye nguzo ambako kamba ya katani ilifungwa, akahangaika na fundo kwa muda mrefu, maana lilikuwa la miaka. Lilipoachia, kamba ikalala chini kwenye vumbi, karibu na ndoo.

"Kwa miguu yako, mayu," alisema. "Utaifikia kwa miguu yako."