Vijumba Mia na Ishirini na Saba

Umeme uliporudi kwa kishindo, kompyuta ya Rachida ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima moja kwa moja. Iliondoka na kazi yake ya mwisho ya chuo, pale Kasapa: kuthibitisha kwamba ukizidisha pamoja mbili zipatazo mia na ishirini na saba, kisha ukatoa moja, unapata namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba hiyo ina tarakimu thelathini na tisa.

Profesa Mwenya alimshauri abadilishe mada. "Bila mashini utafanya je?"

"Batu ba zamani balijua hii namba iko tasa, mbele ya mashini kuzaliwa, Profesa. Nitaifanya na mikono."

Baba yake, Souleymane, fundi cherehani, alimwachia meza ndefu ya kukatia vitambaa. Kwa chaki ya fundi Rachida akachora safu za vijumba, mia na ishirini na saba kila safu. Kijumba chenye haragi, punje moja ya maharagwe, ni moja. Kijumba kitupu ni sifuri, na kila kijumba kina thamani maradufu ya jirani yake wa kulia. Alianza na nne: aizidishe kwa yenyewe, atoe mbili, kisha arudie hivyo hivyo na kila jibu. Kilichovuka ukingo wa kushoto kilirudi kujumlishwa kulia, hivyo safuni likabaki tu salio la kugawanya kwa ile namba ndefu. Baada ya mizunguko zaidi ya mia, kama hakuna salio, namba ni tasa.

Kiangazi chote kikaishia mezani. Mzunguko wa mwisho ulipokamilika, maharagi yalikuwa yametawanyika ovyo katika safu ya jibu. Salio lilikuwepo.

"Kosa iko wapi?" akauliza mama yake, Nafisa.

"Sijue, mama. Labda haragi moja tu, tangu kule mwanzo."

"Mutoto yangu, umechoka," Souleymane akasema. "Acha."

Rachida aliinamisha kichwa mezani, akalia kidogo. Kisha akakusanya maharagi yote bakulini.

"Ninaanza tena. Mama, wewe utapanga mahindi upande ule. Kila mzunguko tutalinganisha. Kama haifanane, tunarudilia."

Mvua zikaanza kupiga mabati. Mara nyingi mahindi na maharagi yalikataana. Wakarudia bila kulaumiana. Nafisa, ambaye hesabu ilikuwa imemshinda shuleni, sasa ndiye aliyekuwa anawahi mezani.

Alasiri moja Rachida alishusha haragi kwenye kijumba cha mwisho, akasimama. Safu nzima ilikuwa imejaa. Akageukia upande wa mama: nayo mahindi yalikuwa yamejaa.

"Baba! Kuya uone!"

Souleymane akaja na mkasi mkononi. "Imejaa. Sasa?"

"Safu yenye kujaa njo namba yetu yenyewe, baba. Ukiigawanya kwa yenyewe, hakuna kyenye kubakia. Iko tasa!"

Nafisa akamkumbatia binti yake, wakayumba pamoja wakicheka, huku Souleymane akiwahimiza wasiiguse meza.

Profesa Mwenya alikuja kesho yake. Alipitisha kidole juu ya safu, polepole, kijumba kwa kijumba, mpaka ukingoni.

"Siku ya kutetea kazi," akasema, "utakuja na hii meza."

Meza ilikuwa imejengewa humo humo chumbani. Souleymane aliitazama, akautazama mlango, akaenda kutafuta bisibisi ya kung'olea fremu.