Mwisho wa Ng'ambo ya Ukungu

Paskazia alikuwa amekitunza chumba cha kusomea cha kiwanda cha pamba kwa miaka kumi na minne alipoambiwa arudishe ufunguo. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa kwa tajiri mgeni, wafanyakazi zaidi ya nusu wamepunguzwa, na chumba kilitakiwa kiwe stoo ya vipuri. Vitabu walipewa wauza karanga wa sokoni, kurasa zake wafungie karanga. Yeye alitoka na kimoja tu, amekificha ndani ya kanga.

Kiliitwa Ng'ambo ya Ukungu, hadithi ya zamani ya msichana aliyevuka ziwa kwenda nchi ya wafu kumdai mdogo wake. Hakuna kitabu kilichosomwa kama kile. Wapakiaji wa marobota walipokezana mpaka jalada likaachia, wakalishona kwa uzi wa magunia. Waliokisoma wakiwa makapera walirudi kukiomba wakiwa na watoto. Nacho kilikuwa kilema: kurasa za mwisho hazikuwepo tangu kabla Paskazia hajaajiriwa. Kila msomaji alikuwa na mwisho wake, na saa ya chakula waligombania mwisho huo kama watu wanaogombania shamba.

Nestory, fundi wa mitambo, ndiye pekee ambaye hakugombana. Alikiazima kila mwaka, na mabishano yakianza aliinuka akaenda zake. Alipopunguzwa alirudi kwao Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kabla ya Pasaka zikaja habari kwamba anaumwa sana. Paskazia akachukua kitabu, akapanda kivuko.

Roza, mke wa Nestory, alimpokea mlangoni. "Hali chakula, dada," alisema. "Anauliza kitabu tu. Mimi nilidhani anaweweseka."

Nestory alikuwa amekwisha, yamebaki macho. Paskazia alimsomea mchana kutwa, mpaka pale msichana anapomwona mdogo wake katikati ya wafu, na mtoto hamtambui. Hapo karatasi ziliishia.

"Zilizobaki nilizichana mimi," Nestory alisema.

Paskazia alikifunga kitabu.

"Ni mwaka ule mwanetu Masalu alipozama. Alikuwa na miaka saba. Nilikisoma wakati wa matanga. Mle ndani msichana anamwita mdogo wake kwa jina la nyumbani, mtoto anageuka, wanarudi wote wawili. Basi nami nikaenda ziwani, nikaita. Siku tatu niliita. Niliporudi kazini nikazichana, nikazitupa motoni."

"Na bado ukawa unakiazima kila mwaka."

"Nilitaka kufika pale anapomwona. Zaidi ya pale sikutaka." Alipumzika kidogo. "Waambie wenzangu."

"Nimwambie nani, Nestory? Wametawanyika wote."

Roza alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Siku zile tatu," alisema polepole, "uliniambia umeitwa Kigongo, kuna mashine imeharibika. Nikabaki na waombolezaji peke yangu."

Nestory aligeuza uso ukutani. Roza aliweka uji chini, akatoka.

Nestory alikufa Alhamisi. Paskazia alikuwepo mazikoni, na siku ya pili yake akafunga kifurushi chake ili awahi kivuko. Roza akamshika mkono.

"Dada, mimi shule sikwenda. Nisomee, nijue alikuwa anakwenda wapi kila mwaka."

Wakaketi mkekani, nje ya nyumba. Paskazia alisoma taratibu, na Roza alisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua kichwa hata msichana alipouingia ukungu. Katika sura ya nne vidole vyake vikasimama.

"Na mama yao? Yuko wapi muda wote huu?"

Paskazia alirudi nyuma kurasa kadhaa, akapekua tena, ingawa alikijua kitabu kile kwa moyo. Katika watu wote waliobishana chumbani mwake, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Hawakumwandika," alisema.

Roza alirudisha vidole kwenye mchele.

"Endelea," alisema.