Reli ya Buluu Matogoro

Kunegunda Komba alipiga picha vitu ambavyo watu wa Songea huvipita bila kuvitupia jicho: tenki la maji lililokauka, ghala la tumbaku lenye mabati yaliyoliwa na kutu, nguzo za lango ambalo nyumba yake ilishabomolewa zamani. Jirani zake wa Majengo waliona anapoteza muda, na walimwambia waziwazi. Mtu mzima ana kamera ya maana, mbona haendi kupiga harusi?

Lakini alichokitafuta hasa kilikuwa kitu kimoja. Baba yake, mzee Otto, katika ujana wake alisukuma matoroli ya udongo kwenye kiwanda cha matofali huko Matogoro, na matoroli hayo, alisema, yalipita juu ya reli. Reli Songea! Ukoo mzima ulivunjika mbavu. Kinara wao alikuwa mpwa wa mzee, Saimon. Hakuna kipaimara wala harusi aliyokosa kumuuliza mjomba wake kama treni imeshaingia. Kunegunda hakuwa akicheka. Aliinama tu, akapanga sahani.

Mzee alicheka nao miaka mingi, kisha Krismasi iliyopita hakucheka. Tangu siku ile hakuusimulia tena ujana wake, na ukimya huo ulimuuma Kunegunda kuliko kicheko chote kilichotangulia. Akaanza kuitafuta reli.

Vipande vya reli mjini havikosekani. Vigango vingi vya kanisa vina kimoja, kimening'inizwa mtini na kugongwa kama kengele. Ila Saimon angesema vililetwa na malori kutoka stesheni ya Makambako, na nani angembishia? Ilitakiwa reli iliyolala palepale ilipolazwa na watu wa kiwanda.

Aliipata siku ya manyunyu, bila kuitazamia, alipokwenda Matogoro kununua mbegu za maharage kwa mjane mmoja aitwaye Getruda. Nyuma ya nyumba, vyuma viwili vyembamba vilikuwa vimezama nusu kwenye udongo mwekundu, vikikata kona taratibu kuelekea shimo la zamani. Chini yake mataruma, vile vyuma vya kulalia reli, yalikuwa bado yameshikilia. Kunegunda nusura apige vigelegele. Kamera ilikuwa nyumbani, na simu imezima kwa kukosa chaji.

"Mama, nitarudi Jumamosi niipige picha hii," alisema. "Ndiyo ushahidi wa baba yangu."

"Hii hii?" Getruda alishangaa. "Haya, karibu sana mwanangu. Utatukuta."

Jumamosi aliwakuta kweli. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka unang'aa. Getruda alikuwa amesuka nywele na kuvaa kitenge ambacho bado kilinukia duka. Na reli ilikuwa imesimama. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, vipande viwili, imesuguliwa kwa mchanga na kupakwa rangi ya buluu iliyobaki wakati wa kupaka mlango. Mahali ilipokuwa imelala palikuwa pamesawazishwa na kupandwa maharage.

"Shikamoo, mama," alisema Kunegunda, maana hilo ndilo neno pekee lililokuwa tayari mdomoni.

"Marahaba. Vijana wa jirani wameing'oa, na kazi haikuwa ndogo! Ilikuwa imejaa matope, na picha ni kitu cha kukaa. Mtu hapigwi picha na matope yake, sembuse ushahidi wa baba?"

"Na yale mataruma ya chini?"

"Yale ya kutu? Amepita mtu wa vyuma chakavu, kayachukua. Yangekuharibia picha."

Kunegunda alitamani kukaa chini alie. Lakini huwezi kumgombeza mtu aliyekuandalia. Alikunywa chai, akala mihogo, akampiga picha Getruda aliyeshika reli kwa mkono mmoja, kidevu juu, bila kutabasamu, kama watu wa makamo wanavyopenda kupigwa.

Nyumbani alimkuta baba yake akipukuchua mahindi kwenye ungo. Alimweleza yote, akamwonyesha.

"Ndiyo yenyewe," mzee alisema, kamera ameiweka karibu na pua. "Nyembamba hivyohivyo. Huyu mama ameipendezesha."

"Lakini hivi ilivyo haisaidii, baba. Nilitaka Saimon aione ikiwa chini, akome."

"Saimon ni mpwa wangu. Asiponitania mimi, amtanie nani?" Mzee alitabasamu, mara ya kwanza tangu Krismasi. "Niambie wewe uliyeiona. Siku ile ya manyunyu, ulipoikuta imelala, ilikuwaje?"

"Nilifurahi mno, baba! Nikajisemea, kumbe ni kweli."

Alilisikia neno lake likiwa limeshatoka. Mzee Otto alimtazama kidogo, akamrudishia kamera, kisha akauvuta ungo na kuendelea na mahindi yake.